Diski ya Mustafa na Mpaka wa Gashoho

Mume wangu Mustafa ana maneno mawili ambayo wateja wake wote wa mtaa wetu wa Nyamugari wanayajua: bado kidogo. Picha za arusi ya fulani ziko wapi? Bado kidogo. Kompyuta ya mwalimu imepona? Bado kidogo. Mimi Riziki, niliyeolewa naye baada ya kuonywa na shangazi zangu wote, nimeyasikia maneno hayo mpaka nayaota. Mtu asije akadhani ni mvivu. Shida yake ni kwamba kila kinachoharibika hapa mjini Gitega kinaletwa kwake, na neno hapana hajawahi kulijua.

Alianza na redio, kwa fundi mmoja wa sokoni aliyemfundisha kuunga nyaya. Redio zikafuatwa na kaseti za video, kaseti zikafuatwa na CD, halafu zikaja kompyuta. Kila mashine mpya ilipoingia mjini yeye alikuwa akingoja ya kwanza iharibike ili aifungue aone tumbo lake. Jumamosi na Jumapili alibeba kamera akapiga picha za arusi. Mimi nilishona kwenye cherehani karibu na mlango wa duka hilo hilo, na mama mkwe wangu, Mama Fatuma, alikaa kwenye mkeka kati yetu na tasbihi yake, akisikiliza kila kitu.

Kwao hasa siyo Gitega. Baba yake, marehemu Uthmani, alikuwa na itongo Gashoho, upande wa Muyinga, kiwanja cha ukoo chenye migomba na mahali pa nyumba, nyuma kidogo ya soko. Walikimbilia Tanzania Mustafa akiwa bado anabebwa mgongoni, na Uthmani akafia huko. Mama Fatuma alirudi na Mustafa, akashukia kwa ndugu zake hapa mjini, akaapa kwamba Gashoho hatakanyaga tena. Binti yake mkubwa, Hidaya, alibaki Kasulu akaolewa. Alipofiwa na mume akarudi na watoto, akapanga chumba kimoja Muyinga mjini, mvua ikinyesha wanalala wamekaa. Alitaka kitu kimoja tu, kujenga kwenye itongo la baba yake.

Miaka yote hiyo itongo lilitunzwa na jirani, Mzee Matata, rafiki wa Uthmani. Alipozeeka, mwanawe Radjabu akaendelea kulima, akaoa, akajenga na jiko lililoingia mle ndani. Simwiti Radjabu mwizi. Alikulia pale akiona baba yake analima, basi akajua ni pa kwao. Lakini Hidaya alipofika, Radjabu alimwambia mpaka uko kwenye migomba, siyo kwenye jiko, na kama ana shahidi amlete.

Shahidi alikuwa Matata mwenyewe, baba yake Radjabu. Mzee alianza kuugua, akamwita Hidaya akamwambia alete mtu wa kamera, ili yeye mzee apite mpaka wote kwa miguu yake wakati miguu bado ipo. Mustafa akaenda, akampiga picha ya video akitembea kona hadi kona na kusema kila mahali. Haukupita muda mrefu Matata akafariki, wazee wa mlima, wale bashingantahe wanaoamua mashauri ya kijiji, wakiwa hawajakaa kusikiliza shauri. Walipokuja kukaa, mwaka 2011, walisema watakutana pale pale kwenye itongo, Jumamosi, na picha ya marehemu iletwe. Hidaya hakuwa na shahidi mwingine duniani.

Na picha hiyo ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye diski moja nyeusi ya kubebeka, pamoja na arusi za nusu ya Nyamugari. Hidaya alikuwa akiomba achomewe CD tangu msiba wa mzee. Jibu mnalijua.

Wiki ile ile ya shauri, Mustafa alikuwa akimwekea mwalimu mmoja mfumo mpya kwenye kompyuta yake. Kwanza alihifadhi kazi za mwalimu kwenye ile diski nyeusi, kwa usalama, halafu akasahau kuichomoa. Mashine ikamwonyesha diski mbili, ikamuuliza ifute migawanyo ya ipi. Akachagua, akabonyeza. Mimi nilikuwa napinda shela ya bibi arusi. Nilisikia tu kwamba ameacha kupiga mluzi.

Alinieleza baadaye, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Diski hugawanywa sehemu, na mwanzoni kabisa mwake kuna jedwali dogo linalosema sehemu hii inaanzia hapa na kuishia pale. Jedwali likifutika, vitu vyote bado vimo, ila mashine haijui pa kuanzia, basi inasema diski ni tupu. Ni kama itongo lililong'olewa ua: migomba imo, mihogo imo, lakini mpita njia anaona pori. Fundi mwenye subira anaweza kuutafuta mpaka wa zamani akaurudisha. Kilicho haramu ni kimoja, kuandika chochote juu ya diski kabla hujamaliza, kwa sababu kipya kitakaa juu ya cha zamani na hakuna fundi wa kukifukua.

Kwa hiyo akaichomoa, akaifunga kwenye leso, akaiweka juu ya rafu. Uso wake ulikuwa wa majivu. Nilipomuuliza alisema, "Iko tupu. Mi natoka," akaenda dukani kwa Kamrudin, muuza vifaa vya umeme, kuazima diski nyingine ya kunakilia. Hakueleza zaidi. Ndivyo alivyo, jambo dogo analipigia kelele na jambo kubwa analimeza. Na mimi, uzi mweupe ukawa umeniishia, nikaenda sokoni. Akabaki Mama Fatuma, ambaye alikuwa amesikia maneno mawili: iko tupu.

Sasa lazima mjue desturi ya mama mkwe wangu. Nyumbani kwake hakuna kitu kinachoanza kutumika kikiwa kitupu. Nilipoletwa pale nikiwa bibi arusi, chumba changu kilisomewa sura ya Baqara nzima kabla hata kitanda hakijaingizwa. Redio mpya, sauti yake ya kwanza ni Kurani. Simu mpya vile vile. Friji aliliwekea redio ndani, likasomewa mlango ukiwa umefungwa, na nilipocheka alinuna siku nzima. Diski tupu, kwa akili yake, ilikuwa diski mpya, na alijua bila baraka mwanawe angeijaza ngoma za arusi. Akaishusha, akaipeleka mlango wa pili kwa Athumani, anayewawekea watu nyimbo kwenye simu. Athumani akaichomeka. Mashine ikasema kwa Kifaransa kwamba diski haina mpangilio, aiandae upya? Athumani akajibu oui, ndiyo. Akamwekea bibi Kurani yote, juzuu thelathini, kwa sauti ya msomaji mzuri sana.

Niliporudi diski ilikuwa rafuni ndani ya leso ile ile. Mustafa naye akaingia, ameshika diski ya Kamrudin ndani ya boksi lake, ameazimwa kwa sharti kwamba boksi lisikwaruzwe. Mama yake akampa habari njema. Alikuwa na furaha kama aliyempikia mtoto chakula anachokipenda.

Mustafa akakaa kwenye kiti. Akamwangalia mama, akaangalia rafu. Akasema, "Asante, mama." Halafu akatoka nyuma ya duka. Nilipomfuata nilimkuta ameegemeza paji la uso ukutani.

"Mama amejenga juu yake," akaniambia. "Sijui amejenga wapi, sebuleni ao kwenye kona. Sijui, Riziki."

Nikasema lazima mama aambiwe. Akakataa katakata. Angemwambia nini, kwamba Kurani imeharibu? Mimi nilikasirika, nakiri bila aibu, nikamwambia kama CD ya Hidaya ingechomwa tangu mwaka jana tusingekuwa hapa. Akarudi ndani kutafuta nyaya. Ningependa angejibu, ugomvi ungenipunguzia hofu.

Kesho yake umeme ulikuwa wa kuja na kuondoka, akahamia na kompyuta dukani kwa Kamrudin kwenye jenereta. Kwanza alinakili diski yote, kipande kwa kipande, pamoja na utupu wake, ili akikosea awe na pa kurudi. Kazi hiyo ilienda polepole hata nikaona afadhali kuangalia maziwa yakiganda. Jenereta likikohoa, Mustafa alisimama. Likitulia, alikaa.

Hidaya alipiga simu. Mustafa akanipa ishara kwa mikono yote miwili. Nikamwambia wifi yangu kaka yake anaoga. Alipiga tena adhuhuri, nikasema anaoga. Alipopiga mara nyingine akaniuliza kwa kile Kiswahili chake cha Tanzania kilichonyooka, "Wifi, kaka yangu amekuwa samaki?" Tukacheka wote wawili. Halafu akasema watoto wameshafunga vitu vyao, mdogo anauliza chumba chake kitakuwa upande gani, akakata simu. Nilibaki na simu mkononi nikaona machozi yananitoka, mimi ambaye si mtu wa kulia ovyo.

Nakala ilipokwisha, Mustafa akafungua programu yake ya kutafutia migawanyo, ile ya kioo cheusi na maandishi meupe, isiyo na picha hata moja ya kumfariji mtu. Ikaanza kupita diski nzima ikitafuta alama za mipaka ya zamani. Ya kwanza iliyoonekana ilikuwa ya Athumani, mpya kabisa. Baada yake kimya. Nambari zikapanda, hakuna kitu. Kamrudin alileta chai ya tangawizi, ikapoa mezani. Mustafa akaniambia tumaini limebaki mwisho wa diski, kwa kuwa kila sehemu huacha nakala ya ukurasa wake wa kwanza kwenye ncha yake ya mwisho kabisa, na Athumani alikuwa amejaza mwanzo tu. Basi tukangoja ncha. Nilisoma kila dua niliyokuwa naijua, nikairudia.

Ikaja karibu na alasiri, mstari mmoja tu. Mwanzo wa sehemu, mwisho wa sehemu, na jina alilolipa yeye mwenyewe zamani: ARUSI.

Nilidhani atapiga kelele. Aliweka kidole juu ya kibonyezo cha kuandika jedwali, kikabaki hewani. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema mpaka wa zamani ukirudi, ule mpya unaondoka, na Kurani ya mama inaondoka nao. Nikamwambia Kurani yenyewe haipotei, Athumani anayo, ulimwengu mzima unayo. Akasema analijua hilo. Kilichomshinda siyo dhambi, ni mama, kwamba atafuta nyuma ya mgongo wa mama kitu ambacho mama huyo alimpa kwa mikono yake ili abarikiwe. Nilitaka kumpiga kwa kikombe. Lakini pia nilijua kwamba kama angebonyeza bila kusita, nisingempenda vile ninavyompenda.

Akaondoka, akaenda kwa mama. Nami nyuma yake, ningeachaje? Alipiga magoti kwenye mkeka akamweleza yote tangu mwanzo, diski aliyoikosea mwenyewe, jedwali lililofutika, Matata aliyemo ndani. Jina la Athumani hakulitaja. Mama Fatuma alisikiliza bila kusogeza hata punje moja ya tasbihi. Nilimwona akielewa, na ilikuwa vigumu kumtazama.

"Sauti ya Matata iko ndani?" akauliza.

"Iko, mama. Labda haiko yote."

"Na mi ndio niliweka kitu juu yake."

"We hukujua. Mi sikusema."

Akaweka tasbihi chini. Halafu akasema, "Futa, mwanangu. Kurani haiwezi kukaa mu itongo ya mtu." Na baada ya kusema hivyo akaomba viatu vyake vya safari vitafutwe, kwa sababu Jumamosi na yeye atakwenda Gashoho.

Mustafa akarudi, akasema bismillah, akabonyeza. Mashine ilipowashwa upya, arusi zikajipanga kwenye kioo moja baada ya nyingine, maharusi ambao wengine wao wana watoto wawili sasa. Kulikuwa na zilizokatika vichwa na zilizokuwa nzima. Akatafuta ya Matata. Ikafunguka. Mzee alikuwa pale, na kofia yake na fimbo yake, akikohoa. Kona ya kwanza, sawa. Kona ya pili, sawa. Akafika kona ya tatu, akanyoosha fimbo, akafungua mdomo, na picha ikaganda ikawa vipande vipande vya rangi. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Mustafa alijaribu tena na tena mpaka Ijumaa, swala tu ndiyo iliyomwinua. Kipande kile kilikuwa kimekwenda kweli. Na kilichopotea, kutoka kona ya tatu hadi ya nne, ndicho hasa kilichokuwa kikigombaniwa, upande wa jiko.

Jumamosi tulifika Gashoho, soko likiwa limechangamka kando yetu. Hidaya alikuwa amewasili kutoka Muyinga amevaa nguo yake nzuri. Mustafa alimwambia ukweli kabla hajaketi. Alifumba macho kidogo, akasema, "Basi tutaonyesha kilichopo," akaenda kumshika mama yake mkono. Mama Fatuma alikataa kushuka kwenye gari. Alifungua kioo tu.

Wazee wa mlima walikaa kwenye mabenchi yaliyotolewa kwa jirani. Radjabu alisimama upande wake, mwanamume mpana, amekunja mikono. Alisema kwa heshima, kwa Kirundi, kwamba baba yake siku zile za mwisho akili ilikuwa ikienda na kurudi, na kwamba picha ya mgonjwa siyo ushahidi. Mzee mmoja akamjibu kwamba wataangalia kwanza. Mustafa akaweka kompyuta juu ya kiti. Jua lilikuwa kali, kioo hakionekani, nikavua mtandio wa juu nikaufunika kama hema, na wazee wakaingiza vichwa kwa zamu kisha wakaniomba nisogee nao wote waone. Radjabu alibaki mbali. Lakini sauti haihitaji mtandio.

Sauti ya Matata ikatoka, ile ya kukwaruza. Akataja kona ya kwanza na nani alipanda minyaa ya ua. Akamtania Hidaya kwamba anatembea polepole kuliko mzee. Akasimama apumzike, na hapo ndipo alipogeuka akaitazama kamera.

"Radjabu hatafurahi," akasema. "Mais lakini mi niko nakwenda kwa Mungu. Siwezi kubeba itongo ya Uthmani mpaka huko."

Kwenye gari Mama Fatuma alifunika uso kwa ushungi. Nilimtazama Radjabu. Mikono yake ilikuwa imekunjuka, nayo ilining'inia tu. Tangu kifo cha baba yake hakuwa ameisikia sauti ile.

Kona ya pili. Kona ya tatu, fimbo ikanyooshwa, mdomo ukafunguka, na picha ikaganda. Mustafa akasema kwa sauti ndogo kwamba hapo ndipo inapoishia, kosa ni lake. Wazee wakaangaliana. Mmoja akamuuliza Hidaya kutoka hapo marehemu alielekea wapi. Hidaya akasema alikuwepo, anajua, lakini yeye ndiye mdai, na hataki kujisemea. Mzee akasema hilo ni kweli, neno la mdai haliwezi kumaliza shauri, na kama hakuna la ziada itabidi waahirishe. Kuahirisha kwa Gashoho kunaweza kuwa miaka.

Radjabu akaja, akainama chini ya mtandio wangu. Akamwomba Mustafa arudishe nyuma kidogo. Mustafa akarudisha. Akaangalia baba yake akinyoosha fimbo, mpaka pale anapoganda. Akaomba tena. Alikuwa karibu nami hata nilisikia pumzi yake ikipanda na kushuka. Mara hiyo ya pili hakungoja picha igande. Alisimama wima, akaenda mpaka kona ya tatu, kwenye kisiki cha mnyaa, akaelekea upande ule ambao fimbo ilikuwa imeelekea.

Alipita kati ya migomba bila kusimama, akapita kwenye kitalu cha viazi, wazee wakainuka kwenye mabenchi wakamfuata, na sisi nyuma yao. Akafika kwenye jiko lake. Mke wake, Pili, alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, akamtazama mume wake usoni, akasogea kando. Radjabu akainama akaingia. Akasimama katikati ya jiko, mguu mmoja upande huu wa mafiga na mwingine upande ule, akatugeukia.

"Mpaka ni hapa," akasema.

Pili aliingia nyuma yake, na bila kuambiwa na mtu akaipua maharage yaliyokuwa hayajaiva.